Kindu ya Wamama Wakulima

Kila anayeandika historia ya Kindu, mji mkuu wa Maniema mashariki mwa Kongo, huanza na reli, na ana sababu. Mto Lualaba hupitika kwa meli kutoka Ubundu hadi hapo, kisha ukielekea kusini mawe na maporomoko huziba njia. Kampuni ya reli ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1902 ikachagua ukingo wa kushoto, ikajenga bandari na stesheni, na kufikia mwaka 1911 garimoshi lilikuwa likienda Kongolo. Mji ukapewa hata jina la tajiri wa kampuni, Port-Empain. Zikafuata ofisi, kisha migodi ya bati upande wa Kalima, kisha askari wa kila bendera. Historia ya namna hiyo si ya uongo, lakini inaliruka swali la kwanza kabisa: makuli, makarani na askari wote hao walikula nini, na chakula hicho kilitoka mkononi mwa nani? Kilitoka kwa mama mkulima. Nami nashikilia jambo zaidi ya hilo: Ukristo wa Kindu, na mji wenyewe katika miaka yake mibaya, ulidumu kwa wanawake waliozeeka wakiwa na jembe mkononi na sala mdomoni, kuliko ulivyodumu kwa misheni au kwa serikali.

Ushahidi unaanzia kabla ya kanisa. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, juu ya mto huohuo, watu wa misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipofyatua bunduki sokoni. Waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza mazao yao. Msiba huo unatuonyesha kwamba Maniema ilikuwa na uchumi wa wanawake uliopangika, wenye siku zake za soko na bidhaa zake, kabla Mbelgiji yeyote hajaamuru kilimo. Mpunga nao uliletwa na misafara ya wafanyabiashara hao, ukapokelewa na mikono hiyohiyo. Mapadri Weupe walipofungua misheni Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, na Wamethodisti walipotoka Wembo Nyama, walikoanza mwaka 1914, wakafika Tunda, walimkuta mkulima tayari. Hawakumwumba.

Sasa tufikirie maisha marefu ya mwanamke yeyote aliyezaliwa vijijini kandokando ya Kindu karibu na mwaka 1930. Anakua chini ya kilimo cha lazima, kilichoanza na amri ya mwaka 1917, ambapo pamba na mpunga vililimwa kwa siku zilizohesabiwa na serikali, huku wanaume wakichukuliwa kwenda relini na migodini. Anabatizwa, anaolewa, anazaa. Mwaka 1959 Kindu inakuwa jimbo la Kikatoliki. Mwaka unaofuata nchi inapata uhuru. Julai 1964 waasi wa Simba wanauteka mji, na Novemba unatekwa tena na jeshi la serikali na mamluki. Mwaka 1972 Rais Mobutu anapiga marufuku majina ya Kikristo, na mwaka 1974 Krismasi inafutwa kwenye orodha ya sikukuu. Oktoba 1998 waasi wa RCD wanaingia, wanamgambo wa Mai-Mai wanauzingira mji kutoka msituni, na reli inakaa kimya mpaka mwaka 2004. Katika kila msukosuko wa miaka hiyo, nguzo rasmi ya kanisa ilitikisika au ilianguka kabisa. Padri akifukuzwa, misa inakoma. Lakini kubatiza mtoto anayekata roho, kuongoza rozari, kumzika jirani kwa wimbo, kuwafundisha wajukuu Baba Yetu: hakuna hata kimoja kinachomhitaji padri, na vyote humwangukia mama mzee wa mtaa. Maaskofu wa Kongo walipoamua, tangu miaka ya 1960, kuijenga parokia juu ya jumuiya ndogo za majirani, ambazo mashariki tunaziita shirika, walikuwa wanakipa mpango kitu ambacho wanawake hao walikwisha kukifanya.

Atatokea wa kusema kwamba mwanamke huyo alifundishwa utii tu: msalaba na pamba vililetwa na mkono mmoja. Hoja hii ni nzito, maana misheni na serikali zilisaidiana, na si haki kulificha hilo. Lakini kama imani yake ingekuwa utii kwa Mbelgiji, ingeondoka na Mbelgiji. Pamba ya lazima ilikwisha; rozari ikabaki, hata wakati utawala wa Mobutu ulipolipiga vita kanisa. Mwingine atasema Maniema ni nchi ya Waislamu. Kweli, ndiyo penye Uislamu wa zamani na wenye nguvu kuliko kote Kongo, na mama Mkristo wa Kindu amelima mpaka mmoja na jirani Mwislamu, wakaazimana kinu na kuzikana. Hilo haliipunguzi hoja yangu. Linaonyesha kwamba Ukristo wake haukuwa wa kufuata wengi.

Itazame kazi yenyewe kwa karibu. Mpunga wa mlimani hukatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo, mgongo umeinama tangu asubuhi. Muhogo mchungu hulowekwa siku tatu au nne mpaka sumu itoke, kisha huanikwa na kutwangwa, ndipo bugali ipikwe. Sombe, yaani majani ya muhogo, huchumwa alfajiri na kuvushwa kwa mtumbwi kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, ili ifike sokoni haijanyauka. Jumapili sehemu ya mavuno hayo hupelekwa altareni kwa ngoma. Ibada ya Misa ya Kizaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, iliyapa maandamano hayo ya matoleo nafasi yake rasmi, na kikapu cha mpunga ndicho kilichomlisha katekista asiye na mshahara. Katika vita ya 1998 hadi 2003, kwenda shamba kulikuwa kujitia hatarini, kwa risasi na kwa ubakaji. Wanawake walikwenda, kwa kuwa mji usiofikiwa na treni wala meli haukuwa na ghala nyingine.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la haki. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa matendo ya kisheria, na haikurekebishwa mpaka mwaka 2016. Mwanamke wetu alilima maisha yake yote ardhi asiyoweza kuitetea kwa jina lake, na kanisa, ambalo altareni pake huongozwa na wanaume, halikupiga kelele ya kutosha. Imani haikumpa hati ya shamba. Ilimpa kundi la wanawake la kulima kwa zamu, sauti mbele ya shirika, na hoja ya mjane kukataa kurithiwa na shemeji. Ni kidogo kuliko alichostahili, lakini si kidogo kwa aliyekitumia.

Wengine wanasema historia yake haiandikiki kwa sababu hakuacha maandishi. Parokia zina vitabu vya ubatizo na ndoa. Humo mkulima asiyejua kusoma huonekana tena na tena: amebatizwa, ameolewa, amezaa, amesimamia ubatizo wa watoto wa wengine. Maaskofu wa Kindu tangu mwaka 1959 wanahesabika kwa vidole. Majina ya wasimamizi hujaza kurasa nyingi, na kwa hayo mwandishi anaweza kufuata nani alimlea nani katika imani, katika komuni za mji za Kasuku, Mikelenge na Alunguli.