Safari za Usiku katika Pwani ya Bagamoyo

Wako wadhanio ya kuwa biashara ya watumwa ilikwisha siku ile Seyyid Barghash alipofanya mkataba na Waingereza, tarehe 5 Juni 1873. Kweli soko la Unguja lilifungwa, tena ikakatazwa kuwapakia watumwa vyomboni. Lakini tukichunguza habari za pwani yetu, twaona mambo mengine.

Aprili 1872 tufani kubwa ilikuwa imeiangusha mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika. Karafuu zikapanda bei, na wenye mashamba ya Pemba wakataka watu wa kazi. Basi bahari ilipofungwa, mateka wa Kilwa, ambao zamani wangalipakiwa majahazini, walitembezwa kwa miguu kufuata pwani, wakapita Dar es Salaam, Bagamoyo na Saadani hata Pangani. Mwingereza mmoja, jina lake Elton, alisafiri kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akahesabu watu zaidi ya 4,000 kwa muda wa mwezi mmoja tu, tangu Desemba 1873 hata Januari 1874. Huko kaskazini walivushwa usiku, wakafika Pemba kwa siri.

Mwaka 1874 manowari London ilitia nanga Unguja, na mashua zake zikavizia majahazi. Mwaka 1876 Barghash alikataza misafara ya nchi kavu pia. Lakini wafanya magendo wengine walitweka bendera ya Ufaransa, kwa maana Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kupekua vyombo vya Wafaransa. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ile aliuawa karibu na Pemba alipokisogelea chombo cha namna hiyo.

Mbona magendo hayakukoma? Kwa sababu mnunuzi alikuwapo. Wala jambo hili si la pwani yetu tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wayahudi waliosalimika Ulaya walisafiri kwa siri kwenda Palestina. Julai 1947 manowari za Uingereza zilikamata meli Exodus 1947, yenye watu zaidi ya 4,500, nao wakarudishwa hata Ujerumani. Hatuwafananishi na mateka wetu: wale walipanda kwa hiari wakitafuta makao, hawa waliibwa makwao. Lakini walinzi wa bahari zote mbili walikuta neno moja: chombo hukamatika, na sababu iliyokipeleka hubaki nchi kavu. Wayahudi waliendelea kusafiri hata Israeli ilipoundwa, Mei 1948.

Kwetu sisi, sababu ilianza kukatwa tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud alipoamuru ya kuwa mahakama za Unguja na Pemba zisikubali tena dai la mtu kummiliki mwenziwe. Tanganyika ilipata sheria ya kuukomesha utumwa mwaka 1922. Hapo aliyetoa fedha hakuwa na haki ya kudai kitu.

Wahenga walisema, Ukiona vyaelea, vimeundwa. Majahazi yale ya usiku yaliundwa na mafundi, lakini yalielezwa baharini na fedha ya mnunuzi aliyelala kwake salama. Tunapowahukumu manahodha, tusimsahau yeye.