Siri ya Njia ya Bahari

Usiku mmoja wa Aprili 1498, walinzi wa Berrio, meli ya Kireno iliyotia nanga Mombasa, waliona kitu majini wakadhani ni jodari. Kumbe ni watu, wamekuja kukata kamba za nanga. Vasco da Gama akang'oa nanga, akaenda Malindi, na huko akamzuia mtu wa mfalme mpaka akapewa rubani wa kumvusha hadi India.

Miaka saba baadaye Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliiteketeza Mombasa kwa moto. Nani alaumiwe? Wengi humtaja kuwa rubani huyo Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar, aliyeandika kitabu kizima juu ya nyota, pepo na bandari. Lakini lawama hiyo inatokana na an-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo mingi baada ya tukio. Mreno João de Barros anasema rubani alikuwa Mgujarati, tena alimwonyesha da Gama ramani ya pwani yote ya India. Naona Ibn Majid alilaumiwa kwa sababu jina lake lilikuwa juu ya kitabu.

Wareno nao, walipoipata njia, waliifungia. Mwaka 1504 Mfalme Manuel alipiga marufuku ramani zinazoonyesha safari ya kupita Kongo. Alichelewa: mwaka 1502 Alberto Cantino alikuwa amekwisha kuitorosha ramani moja hadi Italia. Kisha Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten, aliyekuwa karani wa askofu mkuu wa Goa, akachapisha maelekezo ya safari hizo Amsterdam, mwaka 1595 na 1596. Mwaka 1607 meli za Waholanzi zilikuwa zinaishambulia ngome ya Wareno kule Msumbiji.

Mjadala wa kuficha au kutangaza maarifa ya hatari ulirudi mwaka 2011, safari hii juu ya virusi vya mafua ya ndege. Ron Fouchier na Yoshihiro Kawaoka walikuwa wameonyesha jinsi virusi hivyo vinavyoweza kuambukizwa kwa hewa baina ya wanyama wa jamii ya kicheche. Bodi ya usalama wa baiolojia ya Marekani iliyaomba majarida ya Science na Nature yafiche mbinu zenyewe. Mwaka 2012 bodi ikabadili msimamo, na tafiti zote mbili zikachapishwa kamili.

Kwangu mimi, mhariri huletewa swali la kuficha au kuchapisha likiwa limechelewa. Maabara, wafadhili na wasaidizi wanakuwa tayari wanajua. Wa kuulizwa kwanza ni anayetoa fedha za utafiti, kabla jaribio la kwanza halijafanyika.