Uraibu wa michezo ya video kwa vijana balehe
Uraibu huu, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2019 katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, hutambuliwa mchezaji anaposhindwa kujizuia, kwa kawaida kwa angalau miezi 12, hata masomo na usingizi vikiharibika. Picha za ubongo zimeonyesha kwa baadhi ya vijana hao upungufu wa maada ya kijivu, yaani tishu yenye miili ya seli za neva, katika gamba la mbele, ambalo huzuia papara na hukomaa baada ya umri wa miaka 20. Haijathibitika kama upungufu huo ni chanzo au matokeo. Hata hivyo, kwa kuwa uraibu huu umeorodheshwa kama ugonjwa, kijana wa Mkolani, jijini Mwanza, anayemaliza nauli ya shule kwenye banda la gemu akiikamata pedi ya kuchezea kwa mechi moja zaidi, anahitaji ushauri nasaha kuliko viboko.