Sindano na Nili: Nguo za Wakulima wa Kaskazini mwa Japani

Mwaka 1724 watawala wa Tsugaru, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Honshu, waliwapiga wakulima marufuku kuvaa nguo za pamba. Pamba yenyewe haikustawi katika baridi ya huko, na ile iliyotoka kusini ilikuwa ghali mno. Mkulima alibaki na nguo iliyofumwa kwa nyuzi za mmea wa bangi, masika hata majira ya theluji, na upepo uliipenya kama wavu.

Jawabu lilitoka mikononi mwa wanawake. Uzi wa pamba walioupata waliupitisha kwa sindano katika kitambaa cha buluu iliyokolea, wakihesabu nyuzi zake kwa namba witiri: moja, tatu, tano, saba. Majirani zao wa Nambu walihesabu kwa shufwa. Mishono ilibanana zaidi kifuani na mabegani, maana hapo ndipo mizigo ilipolalia na baridi ilipouma. Matundu yakazibika, nguo ikawa nzito na yenye joto, na kifuani pakachanua maumbo ya almasi. Ushonaji huo unaitwa kogin. Kwangu mimi, hakuna pambo linaloushinda, kwa sababu kila mshono wake ulikuwa na kazi.

Rangi nayo ilikuwa na safari yake. Kitovu cha nili ya Japani kilikuwa Awa, leo mkoa wa Tokushima, kando ya mto Yoshino. Majani yalikaushwa, yakarundikwa ghalani, yakamwagiwa maji na kugeuzwa tena na tena kwa siku 100 hivi mpaka yakachacha. Mtia rangi aliyachanganya na maji ya majivu ndani ya pipa, akachovya kitambaa. Kilipotolewa kilikuwa cha kijani, kisha hewa ikakigeuza buluu. Kadiri kilivyochovywa mara nyingi, ndivyo kilivyokolea. Nili haizami hadi moyoni mwa uzi, hukaa juu juu, kwa hiyo msuguano huiondoa. Kiwiko, goti, mahali kamba ya kapu ilipopita: kila sehemu hupauka kwa kadiri ya kazi iliyofanywa. Ndiyo sababu wapenzi wa nguo hizi huweza kukaa mbele ya koti moja saa nzima wakilisoma.

Kisha kuna viraka. Meli za biashara zilizopita Bahari ya Japani zilibeba kutoka Osaka marobota ya nguo kuukuu na vitambaa chakavu vya pamba, na kaskazini hakuna kipande kilichotupwa. Kiraka kilishonewa juu ya kiraka, koti la babu likawa la mjukuu, likaishia kuwa tandiko. Mavazi ya namna hiyo, boro, yalitunza jasho la vizazi kadhaa.

Reli ilifika Aomori, huko huko kaskazini, mwaka 1891 ikileta pamba rahisi, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya viwandani. Kogin ikafifia. Yanagi Soetsu, aliyefungua jumba la makumbusho ya sanaa za watu wa kawaida jijini Tokyo mwaka 1936, aliitambua thamani yake mapema. Boro ilisubiri zaidi, kwani wenyewe waliionea aibu na kuificha. Tanaka Chuzaburo, mzaliwa wa 1933, alizunguka vijiji vya Aomori akiomba kilichofichwa. Namweka juu ya wakusanyaji wote wa fani hii: aliandama pia habari za waliozivaa nguo hizo, wakati masoko ya leo huuza makoti hayohayo kwa bei kubwa bila jina la kijiji. Kati ya 2009 na 2019 mkusanyiko wake ulionyeshwa Asakusa, Tokyo, na wageni waliruhusiwa kuzigusa nguo zenyewe.

Mjini Hirosaki ushonaji wa kogin unaendelea, katika jengo la mwaka 1932 lililosanifiwa na Maekawa Kunio. Washonaji wake bado huhesabu kwa witiri.