Chai ya milima ya Rubavu: ipime kabla ya kulipa

GISENYI, Rwanda – Kiwanda cha chai cha Pfunda kipo mwendo mfupi tu kutoka mjini hapa, lakini wafanyabiashara wengi wa mpakani wanaijua chai kwa uzito wa gunia peke yake. Mnunuzi wa mwisho hulipia ladha. Asiyejua kuipima anaweza kulipa bei ya chai bora akabebeshwa vumbi, au akaiharibu chai nzuri mwenyewe njiani.

Kwa nini ya milimani ni ghali

Ziwa Kivu lipo takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yako juu zaidi. Kwenye baridi jani hukua polepole, hivyo hujaza ladha na harufu. Sababu hiyo ndiyo pia iliyoipa umaarufu chai ya Darjeeling, India, ambako baadhi ya mashamba hukaribia mita 2,000. Tofauti ni kwamba huko uchumaji husimama majira ya baridi, wakati Rwanda huchuma mwaka mzima. Zao hili lilianza Rwanda mwaka 1952, na sehemu kubwa huuzwa katika mnada wa Mombasa.

Aina na madaraja

Chai nyingi ya Rwanda ni CTC: jani hukatwakatwa kwa mashine likawa punje. BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo zaidi, kisha PD, na D1 ni vumbi. Chai ya ortodoksi husokotwa ili jani libaki refu. Kiwanda cha Sorwathe ni kimojawapo kinachoitengeneza.

Jinsi ya kuipima

1. Tazama. Punje ziwe na ukubwa mmoja, bila nyuzi wala vijiti.

2. Bana kwa vidole. Chai kavu huvunjika. Inayonyumbuka imeingia unyevu.

3. Pika gramu 2 kwa mililita 100 za maji, bila maziwa wala sukari, kwa dakika 6. Hapa Gisenyi maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, kwa hiyo yamimine papo hapo yakichemka.

4. Onja. CTC nzuri ina rangi nyekundu inayong'aa na ukali unaosafisha kinywa. Rangi iliyofifia na ladha butu ni dalili za chai iliyokaa muda mrefu.

5. Kagua makapi. Yawe na rangi ya shaba.

Kwa wasafirishaji

Chai hutoka kiwandani ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 3. Ikizidi asilimia 7 huanza kuharibika. Hunyonya harufu upesi, hivyo usiipakie pamoja na samaki wakavu, vitunguu, sabuni au mafuta. Lori lililobeba vitu hivyo lioshwe na kukaushwa kabisa. Panga magunia juu ya mbao, mbali na sakafu, na ukague turubai kabla ya kuondoka. Safari ya Mombasa inazidi kilomita 1,500, kutoka baridi ya milimani hadi joto la Pwani.

Mwisho, kabla ya kupakia, fungeni sampuli mbili mbele ya wote: moja abaki nayo muuzaji, nyingine aondoke nayo mnunuzi. Mzigo ukikataliwa, sampuli hizo zitaonyesha kama chai iliharibikia njiani au ilitoka hivyo ghalani.