Senema ya Majestic na Majini Yake

Ndugu zetu wa Unguja, mlio nyumbani na mlio mbali, kijitabu cha mwaka huu tumekipa ukurasa wa jengo ambalo kila mmoja wetu amepita mlangoni pake: Majestic, pale Vuga.

Kabla ya Majestic palikuwa na Royal, senema iliyojengwa miaka ya 1920 kwa ramani ya J. H. Sinclair, yuleyule aliyechora jengo la makumbusho la Beit el-Amani. Royal iliungua moto, na mwaka 1955 likasimama jengo jipya tunalolijua leo. Wakati huo mji ulikuwa na Empire na Sultana pia, na mkanda mmoja uliweza kuonyeshwa senema mbili usiku mmoja: kipande kikimalizika huku, kijana wa baiskeli anakikimbiza kule, na watu wanamngojea kwa miluzi.

Wazee wetu walivaa vizuri kwenda senema. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na bibi zetu walitoka na mabuibui yao, udi ukinukia njia nzima. Awara ya Raj Kapoor na Nargis waliijua nyimbo zake kwa moyo, hata wasiojua neno la Kihindi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 senema zikawa mali ya serikali. Miaka ya 1970 ikaja televisheni, kisha mikanda ya video. Majestic ikapungukiwa watu, mvua ikapata njia, na mwishowe mlango ukafungwa.

Hapo ndipo majini walipohamia. Sisi tuliokua miaka ya 1980 na 1990 tuliambiwa tusipite nyuma ya senema magharibi. Wengine walisema viti hulia kama vinakaliwa. Wengine walisema yupo mwonyesha filamu asiyekufa, na mwanga wake huonekana ukutani usiku. Tuliamini, tukakimbia.

Wapenzi wa filamu za Kihindi wanaikumbuka Mahal ya mwaka 1949. Kizuka kinachomtesa Ashok Kumar katika jumba kuukuu mwishowe kinajulikana kuwa ni Madhubala, mtoto wa mtunza bustani, mtu hai kabisa. Na ya Majestic ni hivyohivyo. Jini hatoboi paa. Maji ya mvua ndiyo yanayotoboa. Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakafariki, na hakuna aliyemsingizia jini.

Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima, Reel Pleasures (2018), juu ya senema za miji ya Tanzania. Tunamshukuru. Lakini hadithi za bibi zetu, pamoja na hizo za majini, bado hazijaingia katika daftari letu wenyewe, na mwenye kazi ya hesabu anajua: mali isiyoandikwa hupotea bila ya mtu kuulizwa. Waliokata tiketi mwaka 1955 wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu itatumika kurekodi sauti za wazee na kunakili picha na tiketi zilizobaki masandukuni. Toa ulichojaaliwa. Na kama nyumbani kwenu yupo bibi aliyekwenda senema, kaa naye barazani wiki hii, umuulize. Mchango huo nao tutauandika.