Gorogoro ya Kerneli

Hapa Kondele mahindi hupimwa kwa gorogoro. Kerneli ya Linux nayo ina gorogoro yake: ukurasa wa kumbukumbu, ambao kwenye PC nyingi ni baiti 4096. Mmap haigawi nusu ukurasa.

Mwaka 2007 Linux 2.6.23 ilileta UIO, inayoruhusu sehemu kubwa ya draiva kuandikwa kama programu ya kawaida, nje ya kerneli. Kerneli hutangaza ukubwa wa kumbukumbu ya kifaa katika faili liitwalo size. Programu hulisoma, kisha huomba kipande hicho.

Ukaguzi wa mwanzo ulihesabu kurasa, na kipande kikahesabiwa ukurasa mzima. Oktoba 2013 Linus Torvalds aliongeza ukaguzi wa baiti: ukiomba zaidi ya ulichotangaziwa, unanyimwa. Draiva zilizotangaza chini ya ukurasa mmoja zikakwama. Desemba akaongeza sharti jingine: anwani ianzie mwanzo wa ukurasa.

Mimi kwenye draiva yangu ya kwanza nilitangaza 256, maana rejista za kifaa ziliishia hapo. Mmap ikakataa usiku kucha. Dawa rahisi ni kutangaza 4096, lakini ukurasa huo huo waweza kubeba rejista za kifaa kingine, na programu itazigusa bila kizuizi. Basi kabla ya kujaza gorogoro, angalia kama hamna mahindi ya jirani ndani.